Chimbuko la Uhai: Mabishano ya Wanakemia Yakitazamwa kutoka Ufuko wa Ziwa Mweru

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyeko Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula nchini Zambia, hana haja ya kusafiri mbali ili aisikie lugha hii ikitumika. Ng'ambo ya Ziwa Mweru iko Kongo, na katika miji ya Kilwa na Pweto watu huzungumza Kiswahili cha Katanga. (Kilwa hiyo, ndugu msomaji, si Kilwa Kisiwani ya pwani ya Tanzania.) Wavuvi na wachuuzi huvuka maji huku na huku, na katika masoko ya ufukoni Kibemba na Kiswahili hukutana juu ya mafungu ya samaki.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya swali moja ambalo limewasumbua wataalamu kwa muda mrefu: je, uhai ulianzaje kutokana na vitu visivyo na uhai? Huenda msomaji akauliza, swali la wanakemia linatafuta nini katika jarida la walimu wa lugha? Jibu ni kwamba mabishano haya yalisonga mbele kila mara watu walipotenganisha maswali mawili yaliyokuwa yamejificha ndani ya neno moja. Mwalimu anayeyaeleza kwa Kiswahili bila kuyatenganisha maneno hayo humwacha mwanafunzi akiamini kwamba sayansi imejikana yenyewe: leo inasema uhai hauwezi kutoka katika kitu kisicho hai, kesho inasema ndiko ulikotoka. Aidha, mifano inayohitajika kuyafafanua mabishano hayo haiko Ulaya na Marekani peke yake. Mingine iko katika mabwawa, madimbwi na maziwa ya kanda yetu.

Maisha, uzima na uhai

Kiswahili kina maneno matatu yanayokaribiana. Neno maisha hutaja mwendo wa siku za kiumbe, tangu kuzaliwa hadi kufa. Ndiyo maana habari za Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alizoziandika mwenyewe kwa Kiswahili, hujulikana kama Maisha. Ndani yake amesimulia vita vyake vya mwaka 1867 dhidi ya mtemi Nsama katika nchi ya Itabwa, iliyo kati ya Mweru na Tanganyika. Neno uzima hutaja ukamilifu na afya: mtu mzima, chombo kizima. Neno uhai ndilo linalotaja ile hali ya kuwa hai, ambayo jiwe halina na kuvu anayo.

Kibemba nacho kina mgawanyo wake. Ubumi hubeba maana ya uhai pamoja na afya, kama uzima wetu unavyofanya wakati mwingine, na umweo ni ule uhai unaomtoka mtu anapokufa. Kwa hiyo mwanafunzi wa Nchelenge anapokutana na neno uhai katika maandishi ya sayansi, hana neno moja tu la Kibemba la kulilinganisha nalo. Inambidi achague, na uchaguzi wake hubadili maana ya sentensi.

Sarufi haitusaidii sana katika jambo hili. Samaki na mdudu tunawatia katika upatanisho wa A-WA, lakini mti, ambao nao ni hai, umebaki M-MI pamoja na mkeka na mlima. Kirusi tunakitia KI-VI, na wanabiolojia wenyewe hawajakubaliana kama ni kiumbe hai. Kumbe mpaka kati ya kitu na kiumbe haukuchorwa vizuri katika lugha, wala haukuchorwa vizuri katika maabara.

Jozi ya maneno itakayotufaa zaidi katika makala haya ni kuzuka na chimbuko. Kitu kinachozuka hutokea ghafla, pasipo kutarajiwa, na kinaweza kuzuka tena kesho. Chimbuko ni mahali na namna jambo lilivyoanza kujitokeza, kama maji yanayochimbuka ardhini kabla ya kuwa mto. Tutaona kwamba wataalamu walibishana kwanza kuhusu kuzuka, wakamaliza. Kisha wakaanza kubishana kuhusu chimbuko, na hadi leo hawajamaliza.

Samaki wa tope

Katika madambo ya Luapula na kandokando ya Mweru Wantipa, ziwa dogo lililo mashariki ya Mweru, wapo samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius. Huishi katika madimbwi ya mvua. Kiangazi kikija dimbwi hukauka, ardhi hupasuka, na samaki wote hufa. Miezi kadhaa baadaye mvua hunyesha, dimbwi hujaa, na baada ya majuma machache samaki wamo tena wakiogelea. Hakuna mto uliowaleta. Mtoto anayeona jambo hili ana haki ya kusema kwamba samaki wamezaliwa na tope.

Wazee wa elimu wa Ulaya waliona mambo ya namna hiyo wakafikia uamuzi huohuo. Aristotle wa Uyunani aliamini kwamba mikunga hutoka katika matope. Katika karne ya 17, Jan Baptist van Helmont aliandika kwamba nguo chafu ikiwekwa chomboni pamoja na ngano, panya watapatikana baada ya siku 21. Hawakuwa wajinga. Waliona matokeo, hawakuona mbegu.

Mwaka 1668 Francesco Redi wa Italia aliweka nyama katika vyombo, vingine wazi, vingine vimefunikwa kwa kitambaa chepesi. Funza walitokea pale tu ambapo nzi waliweza kutua. Kwa funza, jambo likawa limekwisha. Lakini baadaye darubini ilionyesha vijidudu visivyoonekana kwa macho, na ubishi ukahamia kwao. Katika karne ya 18 John Needham alidai kwamba vijidudu huzuka katika mchuzi uliochemshwa; Lazzaro Spallanzani akauchemsha kwa muda mrefu zaidi katika chupa zilizozibwa, na havikuzuka. Wapinzani wakasema ameiharibu hewa iliyomo ndani.

Chupa ya Pasteur

Ubishi huo ulifikia kilele chake Ufaransa. Mwaka 1859 Félix Pouchet alichapisha kitabu kikubwa cha kutetea kuzuka kwa viumbe. Louis Pasteur akampinga kwa chupa zenye shingo ndefu iliyopindwa kama ya bata-maji. Hewa iliingia, lakini vumbi lilinaswa katika pindo la shingo. Mchuzi uliochemshwa ndani ya chupa hiyo haukuoza. Chupa ilipovunjwa shingo, ulioza. Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimpa Pasteur tuzo mwaka 1862, na tarehe 7 Aprili 1864 alieleza matokeo yake hadharani katika ukumbi wa Sorbonne mjini Paris.

Hata hivyo ushindi huo ulikuwa na tundu. Pouchet alitumia maji ya nyasi kavu, na maji hayo yalichafuka hata baada ya kuchemshwa. Sababu ilieleweka miaka ya 1870, wakati Ferdinand Cohn wa Ujerumani na John Tyndall wa Uingereza walipoonyesha kwamba baadhi ya bakteria wa nyasi kavu hujifunga katika ganda gumu lisilouawa na maji ya kuchemka. Maji yanapopoa, huamka.

Hapa ndipo samaki wetu wa Luapula wanapofaa kufundishia. Kabla ya kufa huacha mayai ndani ya tope, na mayai hayo husimamisha ukuaji wake hadi mvua irudi. Samaki hazaliwi na tope. Amesubiri ndani ya tope. Bakteria wa Pouchet hakuzaliwa na nyasi; alisubiri ndani ya nyasi. Mwalimu mwenye mfano wa dambo mbele ya macho ya wanafunzi wake hana haja ya kuanza na chupa ya Paris.

Basi kuzuka kukawa kumeanguka: kila kiumbe hai tunachokiona leo kimetokana na kiumbe hai kilichotangulia. Lakini kanuni hiyo ikifuatwa kurudi nyuma, mzazi kwa mzazi, lazima ifike mahali pa kwanza. Na hapo Pasteur hakuwa na chupa.

Kidimbwi cha Darwin

David Livingstone alifika Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, akipita katika nchi ambayo misafara ya Waarabu na Waswahili ilikuwa ikiitumia. Miaka mitatu na ushei baadaye, tarehe 1 Februari 1871, Charles Darwin alimwandikia barua rafiki yake Joseph Hooker huko Uingereza. Humo aliwaza, kwa tahadhari kubwa, juu ya kidimbwi chenye maji ya vuguvugu, chumvi za amonia na fosfati, mwanga, joto na umeme, ambamo huenda protini ingeweza kutengenezeka na kuendelea kubadilika. Kisha akaongeza jambo ambalo walimu wengi hulisahau: leo kitu kama hicho kingeliwa au kunyonywa mara moja na viumbe vilivyopo, lakini zamani, kabla ya viumbe kuwapo, hakukuwa na wa kukila.

Katika nukta hiyo maswali mawili yalitengana. Kuzuka ni dai kuhusu leo, na Pasteur alilikanusha. Chimbuko ni dai kuhusu wakati ambapo dunia ilikuwa tupu, na Pasteur hakuligusa. Kumtumia Pasteur kumkanusha Darwin ni sawa na kusema kwamba kwa kuwa hakuna mtu leo anayezaliwa akiwa msemaji wa kwanza wa Kiswahili, basi Kiswahili hakikuwa na mwanzo.

Wazo la Darwin lilibaki katika barua hadi karne ya 20. Mwaka 1924 Alexander Oparin alichapisha kijitabu mjini Moscow, na mwaka 1929 J. B. S. Haldane, bila kumtegemea Oparin, alichapisha makala Uingereza. Wote wawili walisema kwamba hewa ya dunia changa haikuwa na oksijeni kama ya leo, na kwamba mwanga wa jua na umeme wa radi viliweza kuunda viambato vya uhai vikarundikana majini. Haldane aliyafananisha maji hayo na supu ya moto isiyo nzito. Tangu hapo neno supu halijaondoka katika mabishano haya.

Supu hiyo ilipikwa mwaka 1953. Stanley Miller, mwanafunzi wa miaka 23 katika Chuo Kikuu cha Chicago, akisimamiwa na Harold Urey, alitia metani, amonia, haidrojeni na mvuke wa maji katika vyombo vya kioo, akapitisha cheche za umeme kwa muda wa wiki moja. Maji yalibadilika rangi, na ndani yake akakuta asidi amino, ambazo ni viungo vya protini. Matokeo yalichapishwa mwezi Mei, majuma machache baada ya James Watson na Francis Crick kutangaza umbo la DNA mwezi Aprili. Miller alifariki mwaka 2007. Mwaka uliofuata wataalamu walichapisha uchunguzi wa vichupa alivyovihifadhi tangu miaka ile ya 1950, wakakuta ndani yake asidi amino zaidi ya 20, nyingi kuliko alizoweza kuzitambua mwenyewe.

Herufi si sentensi

Katika vitabu vingi vya shule habari huishia hapo, na msomaji huachwa akidhani kwamba Miller aliumba uhai chupani. Hakuumba, wala hakudai. Mwalimu wa lugha ndiye anayefaa kulieleza hili. Asidi amino ni kama herufi. Mtu akimwaga herufi mezani hajaandika sentensi, hata kama herufi zote za alfabeti zimo. Protini ni mfuatano wa asidi amino zilizounganishwa kwa mpangilio maalumu, kama neno refu ambalo herufi moja ikihama maana hupotea.

Pingamizi la pili lilihusu hewa yenyewe. Kuanzia miaka ya 1970 wanajiolojia wengi walifikia maoni kwamba hewa ya dunia changa ilikuwa na kabonidayoksaidi na naitrojeni kwa wingi kuliko metani na amonia, na katika hewa ya namna hiyo cheche hutoa mavuno haba. Wengine wakaonyesha kwamba viambato vingine vingeweza kutoka angani: kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 kilikutwa na asidi amino. Lakini kuhamisha jiko hadi angani hakuelezi namna chakula kilivyopikwa.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa wa kuku na yai. Katika viumbe vya leo, DNA hubeba maelekezo ya kutengeneza protini, na protini ndizo zinazonakili DNA. Kipi kilitangulia? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Thomas Cech na Sidney Altman, kila mmoja katika maabara yake nchini Marekani, waligundua kwamba RNA, ndugu wa DNA, haibebi maelekezo tu bali huweza pia kuendesha mmenyuko wa kikemikali kama protini zinavyofanya. Walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1989. Mwaka 1986 Walter Gilbert aliita hali iliyodhaniwa kutangulia DNA na protini kuwa ni dunia ya RNA: molekuli moja iliyokuwa kitabu na mwandishi kwa wakati mmoja.

Lakini RNA nayo ni ngumu kuunda bila msaada wa kiumbe hai. Kwa miaka mingi wanakemia walishindwa kuunganisha sukari yake na sehemu nyingine. Mwaka 2009 Matthew Powner, Béatrice Gerland na John Sutherland, huko Manchester, walionyesha njia ya kuzunguka: hawakuziunganisha sehemu zilizokwisha kamilika, bali walianza na molekuli ndogo zaidi zilizojenga sehemu hizo zikiwa tayari zimeshikana. Njia hiyo ilihitaji fosfati, na katika hatua mojawapo mwanga mkali wa jua. Mahitaji hayo mawili yaliipa nguvu upande mmoja katika ubishi ambao sasa ndio mkubwa kuliko wote.

Bahari au dimbwi?

Ubishi wenyewe ni huu: uhai ulichimbuka katika maji gani?

Upande wa bahari ulipata nguvu mwaka 1977, wakati wanasayansi waliozama kwa chombo kiitwacho Alvin karibu na visiwa vya Galápagos walipokuta matundu yanayotoa maji ya moto chini ya bahari, yamezungukwa na viumbe vingi wasiotegemea jua. Mwaka 1988 Günter Wächtershäuser, mwanakemia wa Ujerumani aliyekuwa pia wakili wa hataza, alipendekeza kwamba uhai ulianzia juu ya madini ya chuma na salfa, hasa yale yanayoitwa pairaiti. Michael Russell naye alitetea matundu yenye maji ya magadi, ambayo kuta zake zina vishimo vidogo mno vinavyoweza kufanya kazi kama ukuta wa seli. Mwaka 2000 matundu ya namna hiyo yalionekana katika Bahari ya Atlantiki, yakaitwa Lost City. Nguvu ya hoja hii ni kwamba inaeleza uhai ulipata wapi nishati yake.

Udhaifu wake ni maji yenyewe. Kila kiungo cha protini au RNA kinapoungana na kingine, tone dogo la maji hutolewa. Ndani ya bahari mmenyuko huo hupendelea kurudi nyuma: maji huvunja kile kilichounganishwa. Stanley Miller na Jeffrey Bada walitoa pingamizi mwaka huohuo wa 1988 kwamba joto la matundu hayo huharibu viambato upesi.

Upande wa dimbwi unajibu kwa kusema: basi yaache maji yakauke. David Deamer na Bruce Damer wa California wametetea wazo kwamba uhai ulichimbuka katika madimbwi ya chemchemi za maji moto nchi kavu. Dimbwi likikauka, viambato hukaribiana na kuungana. Likilowa tena, mafuta hujikunja kuwa vifuko vidogo vinavyofungia molekuli hizo ndani. Mzunguko hurudiwa mara nyingi, na vifuko imara hubaki. Mwaka 2017 Tara Djokic na wenzake walieleza dalili za uhai katika mabaki ya chemchemi za moto za Pilbara, Australia, zenye umri wa miaka bilioni 3.48.

Upande huu nao una madeni yake. Nchi kavu ilikuwa haba katika dunia changa, na jua kali linaloweza kujenga huweza pia kubomoa. Deamer mwenyewe aliwahi kumwaga viambato katika dimbwi la moto la Kamchatka, Urusi. Vilinaswa upesi na udongo wa mfinyanzi, na matokeo ya maabara hayakujirudia. Ni jambo la heshima kwamba aliyatangaza.

Mashahidi wa kanda yetu

Kwa msomaji wa Nchelenge, ubishi huu si wa mbali. Mwezi Aprili 1987, katika upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, matundu ya maji moto yaligunduliwa chini ya ziwa huko Pemba na Rasi Banza, ufuko wa Kongo (wakati huo Zaire). Pemba hii nayo si kisiwa cha Zanzibar. Mwaka 1991 kikosi cha wapiga mbizi kumi kilirudi na kuyachunguza hadi kina cha mita 46. Walipima joto la kati ya nyuzi 53 na 103 za Selsiasi. Huko Pemba walikuta mishipa ya pairaiti, madini yaleyale ya Wächtershäuser. Huko Banza walikuta mabomba ya madini ya chokaa yaliyosimama juu ya matundu.

Upande wa dimbwi nao una mashahidi. Tatizo moja la zamani ni fosfati. RNA haijengeki bila fosfati, lakini katika maji ya kawaida kalisi huikamata na kuigeuza jiwe. Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington, katika makala yao ya 2020, walieleza kwamba katika maziwa yenye magadi mengi, kabonati huikamata kalisi kwanza, na fosfati hubaki huru majini. Miongoni mwa maziwa waliyoyatolea mfano ni Magadi la Kenya, ambalo neno letu la magadi linalitambulisha vema kuliko maelezo ya kurasa kumi.

Kwa upande wa kulowa na kukauka, Mweru Wantipa ni darasa tosha. Jina lake hutaja tope. Ni ziwa la kina kifupi ambalo kiwango chake hupanda na kushuka sana. Katika miaka ya ukame hupungua mno, maji huwa ya chumvi, na wenyeji tangu kale wamepata chumvi katika ardhi ya kandokando yake. Mwanafunzi aliyeona maji yakipungua na chumvi ikibaki ameona kwa macho yake hatua ambayo Deamer anaihitaji: vitu vilivyotawanyika katika maji mengi vikikusanywa na jua mahali pamoja.

Hata hivyo mwalimu ajihadhari. Hakuna anayesema kwamba uhai ulichimbuka Tanganyika, Magadi wala Mweru. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi, nasi tuna dalili za uhai za takribani miaka bilioni 3.5, maziwa yetu ni watoto wa juzi, na yamejaa viumbe wanaokula kila kiambato kinachotokea, kama Darwin alivyoonya. Maziwa haya huonyesha namna jambo linavyoweza kwenda. Ni mifano, si mahali pa tukio.

Tahadhari nyingine inatoka Dallol, kaskazini mwa Ethiopia, penye madimbwi ya moto yenye asidi na chumvi kali kupita kiasi. Mwaka 2019 kundi moja la watafiti lilitangaza kwamba limekuta humo vijidudu vidogo mno. Mwaka huohuo kundi lingine likaripoti kwamba katika madimbwi makali zaidi halikukuta uhai wowote, na kwamba chembe za madini zinaweza kujiviringa zikafanana na seli. Ikiwa leo, kwa vyombo vya kisasa, wataalamu wanaweza kubishana kama kilicho mbele yao ni kiumbe au ni chumvi, tuwe wavumilivu kwa wanaotafuta alama za miaka bilioni 3.5 iliyopita.

Darasani

Mambo matatu yanamhusu mwalimu wa Kiswahili moja kwa moja.

Kwanza, tutumie kuzuka kwa viumbe kwa lile wazo lililokanushwa na Pasteur, na chimbuko la uhai kwa lile linalochunguzwa sasa. Kutumia neno moja kwa yote mawili ni kumfundisha mwanafunzi mkanganyiko usio wa wanasayansi bali wa mfasiri. Istilahi nyingi za kisayansi zilikwisha kusanifiwa katika kamusi za TUKI na kazi za BAKITA, lakini istilahi haisaidii ikiwa mwalimu hajui ubishi ulio nyuma yake.

Pili, tuangalie vitenzi. Sentensi isemayo Miller aliumba uhai na ile isemayo Miller alipata asidi amino zinapishana kwa maneno machache, lakini ya kwanza ni uongo. Zoezi zuri la kutafsiri ni kumpa mwanafunzi aya ya sayansi na kumtaka atenganishe kilichoonekana, kilichopimwa, kilichopendekezwa na kinachobishaniwa. Kiswahili kina huenda, inadhaniwa, imethibitika na yamkini. Vitumike kila kimoja mahali pake.

Tatu, swali hili huamsha imani za watu, na ni haki liamshe. Kemia inauliza namna viambato vilivyoungana. Nani aliyetaka viungane, na kwa nini, si jambo linalopimwa chupani. Mwalimu akiweka mpaka huo wazi tangu mwanzo, mwanafunzi Mkristo au Mwislamu hatalazimika kuchagua kati ya kitabu chake na somo lake kabla hata hajalielewa somo lenyewe.

Hitimisho

Tumeona kwamba ubishi kuhusu uhai ulianza na samaki wa tope na mchuzi uliooza, ukaamuliwa kwa kuzuka, kisha ukafunguliwa upya kwa chimbuko. Swali la viungo limejibiwa kwa sehemu kubwa: tunajua kwamba herufi za uhai huweza kuundwa bila mkono wa kiumbe hai. Swali la sentensi ya kwanza, yaani lini na wapi molekuli zilianza kujinakili na kurithishana, bado liko wazi kati ya watu wa bahari na watu wa dimbwi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mwanafunzi wa Nchelenge anayekanyaga dambo lililokauka mwezi Oktoba anakanyaga mayai yanayosubiri mvua. Akiweza kueleza kwa Kiswahili safi kwa nini mayai hayo si ushahidi wa kuzuka kwa viumbe, na kwa nini bado tunapaswa kutafuta chimbuko la yai la kwanza, atakuwa amejifunza sayansi na lugha kwa pamoja.